Kupanda Mlima Kasigau kwa Siku Moja: Mwongozo wa Mtu wa Mombasa

Ukiwa kwenye barabara ya Nairobi, ukishaipita Mackinnon Road na kabla hujafika Maungu, tazama mkono wa kushoto. Kama anga ni safi utauona mlima umesimama peke yake katikati ya tambarare, umejifunika wingu kichwani kama mama aliyejitanda ushungi. Huo ndio Kasigau. Wengi wetu tumeupita mara kumi, mara ishirini, tukienda zetu Voi au Nairobi, bila kujua kwamba unapandika, tena kwa siku moja, tena na mtu wa kawaida ambaye hajawahi kushika kamba ya kupandia majabali.

Kilele chake ni mita 1,641 juu ya usawa wa bahari. Tambarare inayouzunguka iko kwenye mita 600 hivi, kwa hiyo mwinuko utakaoumaliza kwa miguu yako unakaribia mita 1,000, na njia yenyewe ni fupi. Ugumu uko hapo. Njia ikiwa fupi na mwinuko ukiwa mkubwa, unapanda tangu unapoanza mpaka unapofika, na pa kupumzishia miguu ni pachache. Watu huniuliza kama hewa itakuwa nyepesi kule juu. La, hilo lisikutishe. Maradhi ya mwinuko kwa kawaida huanza kuwasumbua watu kwenye mita 2,500 na kwenda juu. Kasigau hautakunyima pumzi. Utakachopambana nacho ni joto la chini, magoti wakati wa kushuka, na saa.

Saa ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Lala karibu na mlima

Mara yangu ya kwanza tulikuwa watu saba. Tulitoka Mombasa saa 11 alfajiri kwa gari la kukodi, tukiamini tumewahi. Tukakuta malori yamejipanga Mariakani kwenye mizani, tukasimama kunywa chai, tukakosea njia mara moja kwenye barabara ya vumbi. Kijijini tukaanza kutafuta mtu wa kutuongoza tukiwa tayari tumevaa mabegi. Tulianza kupanda saa 5 mchana, jua limeshapanda kabla yetu. Saa 9 alasiri tulikuwa tumeingia msituni, na mmoja wetu akasema maneno ambayo tangu siku ile nayaogopa: “Kilele ni hapo tu.” Tukaendelea. Tulifika, tukapigana picha ndani ya ukungu, na giza likatukuta tukiwa bado kwenye majabali, tochi tulizonazo ni za simu mbili zenye chaji ya mwisho mwisho. Mwenzetu mmoja misuli ya mapaja ilimkamata akateremka kwa makalio, hatua kwa hatua, huku tukimshika mikono. Tulifika chini saa 3 usiku. Nyumbani walikuwa wametupigia simu tangu magharibi, hazipatikani.

Hakuna aliyevunjika, alhamdulillahi. Lakini kosa halikufanyika mlimani. Tulilifanya Mombasa, tulipopanga safari.

Basi hatua ya kwanza ni hii: siku ya kupanda ni moja, ila safari ni ya siku mbili. Ondoka Mombasa siku iliyotangulia mchana, ulale Maungu, Voi, au kwenye vijiji vya chini ya mlima. Kutoka Mombasa hadi Maungu ni kama kilomita 120 za lami, lakini barabara hii ni ya malori, na kutoka Changamwe hadi Mariakani unaweza kuitumia saa nzima na zaidi. Weka muda wa saa 3. Kutoka Maungu unaiacha lami na kuingia barabara ya vumbi, zaidi ya kilomita 30, na hiyo uiwekee saa 1 na nusu, zaidi kama mvua imenyesha.

Wasio na gari hawajakosa. Mabasi na matatu za Voi zinapatikana Mwembe Tayari; mwambie utingo akushushe Maungu. Ukipenda reli, treni ya Madaraka inayosimama vituoni hutoka Miritini na kukushusha Voi, ukalala huko. Usipange treni ya asubuhi na mlima siku hiyohiyo, haviendi pamoja. Kutoka Maungu au Voi hadi vijiji vya Kasigau magari ni machache, hayafuati saa za mjini, na mengine yakishaondoka basi mpaka kesho. Hapo ndipo simu ya mwenyeji wako inapofaa: muulize gari linapita saa ngapi, na kama hakuna, akutafutie bodaboda anayemjua yeye.

Wenye gari, dereva asipande mlima. Najua anapenda kupanda, tena huenda ndiye aliyetoa wazo. Lakini mtu aliyeshuka mita 1,000 kwa magoti yake mchana hafai kushika usukani jioni akiwa nyuma ya lori la makontena. Ama apatikane dereva wa kubaki chini, ama mlale usiku wa pili na mrudi kesho yake asubuhi.

Ongea na mwenyeji kabla ya kuweka tarehe

Mlima umezungukwa na vijiji: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Kiteghe, Bungule. Wanaokwenda kileleni wengi huanzia Bungule, upande wa kusini. Usipande bila mtu wa pale. Njia za wakulima, za wakata nyasi na za mifugo hukatana kule chini, na ndani ya msitu ukungu ukishuka mita ishirini mbele ni ukuta mweupe. Msitu wa juu ni wa hifadhi, na mwenyeji wako ndiye atakayekuelekeza kwa wahusika wa msitu kama kuna ada au ruhusa inayotakiwa. Muulize pia habari za mabanda ya kulala wageni kijijini, nani atapika chakula cha usiku, na maji ya kunywa yatapatikana wapi.

Malipo mkubaliane kabla, kwa maneno yaliyo wazi: ni kwa mtu au kwa kundi, chakula chake ni juu ya nani, na mkigeukia njiani analipwa kiasi gani. Mimi husema alipwe yote hata mkigeuka, na humwambia mbele ya kundi. Akijua pesa yake haitegemei kilele, atakushauri kwa uaminifu wakati wingu linapojaa. Mkizidi kumi, chukueni waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma ya mtu wa mwisho.

Na ukifika kijijini, shuka garini uamkie. Watu wa Kasigau wana historia yao na mlima huu. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliokuwa wakitoka upande wa Tanganyika walipigana na Waingereza hapa, na Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa wamesaidia adui. Vijiji vikateketezwa, watu wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, wengi wakafia ugenini, na waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kurudi. Unapokaribishwa kiti na mzee wa Bungule, unakaribishwa na mtu ambaye babu zake walipigania kurudi kwenye kivuli cha mlima huo. Si mahali pa kupita ukipiga muziki wa spika.

Msimu

Epuka masika, Machi hadi Mei, na vuli inapokolea Novemba. Udongo wa msituni hugeuka sabuni na barabara ya vumbi hugeuka tope. Iliyobaki ni kuchagua kati ya miezi miwili ya kaskazi, Januari na Februari, ambapo anga huwa safi lakini joto la chini ni kali, na miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ambapo kuna ubaridi mzuri wa kutembea lakini upepo unaotoka baharini huleta mawingu yakajibandika mlimani asubuhi nzima. Mimi nachagua kusi. Mandhari ukiikosa unaweza kurudi tena. Joto la Februari likikukamata kwenye majabali saa 5, hutatamani mandhari yoyote.

Mwezi wa Ramadhani uache. Mlima haukimbii.

Mazoezi: mwili wa mtu wa pwani

Mombasa hatuna vilima vya kusema, na kutembea kwetu ni kwa tambarare. Mtu anayekimbia kilomita 10 Nyali kila Jumapili bado anaweza kushangazwa na Kasigau, kwa sababu misuli inayopanda si ileile inayokimbia, na inayoshuka ni mingine tena. Anza wiki sita kabla.

Ngazi ndizo mlima wako. Ukipanda jengo la ghorofa tano kutoka chini hadi ghorofa ya tano, umepanda kama mita 15. Mara 20 ni mita 300, karibu theluthi ya Kasigau. Anza na mara 6, mara mbili kwa wiki, kisha uongeze polepole mpaka ufike 20 ukiwa umebeba begi lenye maji lita 4. Usitumie lifti kushuka! Kushuka ndiko kunakoyafundisha magoti na mapaja, na mwenzetu yule aliyeteremka kwa makalio alikuwa amefanya mazoezi ya kupanda tu. Majirani watakuuliza kama umepoteza kitu. Waambie unakwenda Kasigau, huenda ukampata wa kufuatana naye.

Asiyeishi kwenye ghorofa ana mteremko wa feri ya Likoni, saa ambazo hakuna msongamano. Ana pia mchanga: maji yakipwa, tembea Bamburi au Nyali kwenye mchanga mlaini wa juu, ule unaozamisha kifundo, saa nzima bila kupumzika.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, nendeni kundi zima Shimba Hills mkashuke kwenye maporomoko ya Sheldrick. Mnashuka kwa miguu pamoja na askari wa wanyamapori, kisha mnapanda kurudi, na kupanda kule kwenye joto la msitu kutakuonyesha nani yuko tayari na nani bado. Ada ya hifadhi hulipwa kwa njia ya mtandao, ikamilishe kabla hujavuka feri. Nenda na viatu na begi utakavyotumia Kasigau. Kiatu kikikutoa lengelenge Kwale, una wiki mbili za kukishughulikia.

Mwenye pumu, moyo, presha au kisukari azungumze na daktari wake kwanza, na amwambie mwongozaji wa kundi dawa yake iko mfuko gani. Mjamzito asubiri. Watoto wa miaka kumi na kuendelea waliozoea kutembea wanaweza, ila mtoto akichoka yeye ndiye mwenye kuamua, si baba.

Hesabu ya saa

Mwaka 1892 Mskoti aliyeitwa William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo. Kwa vipimo vyetu inasema hivi: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha uongeze saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa Kasigau, mita 1,000 za kupanda ni saa 1 na dakika 40. Ongeza kama saa 1 ya njia yenyewe, unapata saa 2 na dakika 40. Lakini kanuni hiyo ni ya mtu aliyezoea, kwenye nchi ya baridi, asiyesimama. Kwa kundi la pwani, lenye mtu mmoja mzito na mmoja wa kupiga picha, na mizizi ya msituni, weka saa 4 kupanda na saa 3 kushuka. Ndiyo, kushuka ni karibu sawa na kupanda. Njia ikiwa wima hivi hushuki mbio.

Jua letu huzama saa 12 na dakika kadhaa jioni mwaka mzima, na chini ya msitu giza hutangulia kwa nusu saa. Sasa panga kwa kurudi nyuma:

Saa 11 jioni muwe mmeshaimaliza barabara ya vumbi, mko Maungu, kwa sababu ya tembo. Ili hilo liwezekane, muwe kijijini saa 9 alasiri. Ili muwe kijijini saa 9, mgeuke saa 6 mchana. Ili mgeuke saa 6 mkiwa mmeshafika kileleni na kupumzika, muanze kutembea saa 12:30 asubuhi, mara tu kunapopambazuka. Hapo mna saa 5 na nusu za kupanda na kukaa, yaani akiba ya saa 1 na nusu juu ya zile 4.

Saa 6 mchana ndiyo saa ya kugeuka. Iandike kwenye karatasi, iseme jioni wakati wa chakula, kila mtu aitikie kwa mdomo wake, mwongozaji akiwepo. Ikifika, mnageuka popote mlipo. Hata kama mnakiona kilele. Hasa kama mnakiona, maana hapo ndipo ubishi huwa mkubwa. Mtu mmoja ateuliwe kuwa mwenye saa, na neno lake siku hiyo liwe la mwisho. Sisi humchagua dada yetu mmoja mpole ambaye haogopi kununiwa.

Mkifika alama ya nusu, pale msitu mnene unapoanza, tazameni saa. Ikiwa imepita saa 4 asubuhi na bado hamjauingia msitu, kilele hakipo siku hiyo. Kaeni kwenye mwamba, mle, mtazame nyika ya Tsavo, mshuke mkiwa na nguvu.

Mzigo

Maji lita 3 kwa kila mtu, si kwa wawili. Lita moja kati ya hizo iwe na chumvichumvi za kurudishia maji mwilini, zile pakiti za dukani za dawa, kwa sababu jasho la pwani linatoka na chumvi nyingi na maji matupu peke yake hayatoshi. Usitegemee vijito vya msituni. Vijiji vya mlima huu huvuta maji kwa mabomba kutoka kwenye msitu huo wa mawingu, na maji hayo ndiyo maisha yao. Usioge humo wala usioshee vyombo.

Chakula, hapa watu wa Mombasa tunapotea. Tunapenda kubeba chakula cha nazi. Mbaazi za nazi, wali wa nazi, hata mkate wa kumimina ulio mbichi mbichi, vikikaa ndani ya begi jeusi kwenye jua mpaka saa 5 vimeshachacha, na tumbo la kuendesha mlimani ni balaa la kundi zima. Beba vitu vikavu: mahamri, chapati, mayai ya kuchemsha ndani ya maganda yake, tende, njugu, kashata, ndizi mbivu zisizopondeka. Kula kidogo kila baada ya dakika 45, usingoje njaa. Tende tatu na maji mafundo manne husukuma mtu mbali kuliko sahani ya biriani ya jana.

Viatu viwe vya kufunga kamba, vyenye meno chini, na uwe umevivaa wiki kadhaa. Kandambili na ndala zibaki kwenye gari. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla. Kwenye kushuka vidole vinagonga ncha ya kiatu maelfu ya mara, na kucha ndefu hutoka nyeusi. Suruali ndefu ya kitambaa chepesi, kwa ajili ya miiba na kupe. Kina dada wanaovaa dera au buibui: suruali pana ndani na vazi la juu linaloishia magotini, kwa sababu vazi refu hulikanyaga mwenyewe ukiwa unapanda mwamba kwa mikono miwili. Shati la pili kavu liwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na ukifika kwenye ukungu na upepo ukiwa umelowa jasho, mtu wa pwani hutetemeka.

Kikoi kimoja. Ni taulo, ni shuka, ni kitambaa cha kufungia mkono uliovunjika, ni mswala.

Tochi ya kichwani kwa kila mtu, hata kama mnapanga kurudi saa 9 alasiri. Tochi ya simu inakunyima mkono mmoja, na majabali yanataka miwili. Filimbi moja moja. Bandeji pana mbili, plasta, dawa ya maumivu, mkasi. Simu iliyojaa chaji na pawabanki. Fimbo ya kushukia utachongewa kijijini, mlipe kijana aliyekuchongea.

Siku yenyewe

Amka saa 10:30 alfajiri. Chai, mahamri mawili, choo, swala kwa wenye kuswali. Kabla hujaondoka tuma ujumbe nyumbani ukitaja mambo matatu: mko wangapi, mnaanzia kijiji gani, na saa ambayo wasipokusikia waanze kutafuta. Mtandao wa simu huja na kupotea ukizunguka mlima, usiwaahidi kwamba utapiga kutoka kileleni.

Nusu saa ya kwanza inapita kwenye mashamba na vichaka, na karibu kila kundi huiharibu kwa mwendo. Kuna ubaridi, miguu ni mipya, kila mtu anataka kuwa mbele. Tembea mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Mtu wa polepole kuliko wote awekwe wa pili, nyuma ya mwongozaji, ili mwendo wake ndio uwe mwendo wa kundi. Akiwekwa mwisho, kila anapowafikia mmeshapumzika mnaondoka, naye hapumziki siku nzima.

Kisha njia inasimama. Mawe yanakuwa makubwa, pengine unashika kwa mikono. Pima jiwe kabla ya kuliamini uzito wako, na usishike mahali usipopaona: nyoka huota jua asubuhi kwenye mwamba, na kifutu hakimbii akisikia hatua, hutulia palepale. Aking’ata mtu, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mlaze, mtulize, mvue pete na saa kabla mkono haujavimba, abebwe asitembee, na gari liende moja kwa moja hospitali ya rufaa ya Moi iliyo Voi. Namba za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Geuka nyuma ukiwa kwenye majabali haya, maana mandhari iko hapa na si kileleni. Chini yako ni nyika inayounganisha Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kijani cha kijivu mpaka macho yanapoishia, na barabara nyekundu uliyokuja nayo imekuwa uzi.

Msitu unaanza ghafla. Ubaridi, unyevu, kuvu na ndevu za miti zinaning’inia, na sauti zako mwenyewe zinapotea. Kasigau ni wa safu ya milima ya kale ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita na kushuka Tanzania kupita Usambara na Uluguru hadi Udzungwa, na kwa sababu kila mlima umekaa peke yake kwa muda mrefu mno, viumbe wake wamekuwa wa kwake. Kuna ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye makazi yake duniani ni Vilima vya Taita na mlima huu tu. Ukinyamaza dakika tano utamsikia kabla ya kumwona. Usikate tawi, usichume ua, usiwashe moto. Ganda la ndizi nalo rudi nalo.

Kileleni kumezungukwa na miti. Watu wengine huvunjika moyo, walitarajia kuona Mombasa. Keti. Badilisha shati lililolowa kabla ya jambo lolote, kisha ule. Anayetaka kuswali adhuhuri, wakati utakuwa bado haujaingia mkiwa kileleni; ukiingia mkiwa mnashuka, kibla hapa ni kaskazini, Makka iko karibu moja kwa moja juu yetu kwenye ramani. Nusu saa inatosha.

Kushuka

Wahenga wetu wa vyombo walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngamani penyewe pako mita 1,000 chini, na watu wengi huumia wakiwa wanarudi, si wakiwa wanapanda. Kaza kamba za viatu upya ili mguu usiteleze mbele. Kunja magoti kidogo kila hatua, weka fimbo chini kwanza ndipo mguu, na kwenye mwamba uliolowa geuka uso uuelekee mwamba ushuke kama unayeshuka ngazi ya dau. Simama kila nusu saa hata kama huhisi kuchoka. Mapaja hutetemeka kabla hayajagoma, na yakianza kutetemeka una dakika chache tu za kuyasikiliza. Misuli ikimkamata mtu, mnyooshe mguu polepole, mpe maji ya chumvichumvi, mpunguzie begi. Mwenye haraka ya kufika chini asiruhusiwe kutangulia peke yake.

Chini mkifika, hesabuneni kwa majina. Mlipe mwongozaji mbele ya wote, mshukuru. Kisha kila mtu aende faraghani ajikague kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio.

Kwenye barabara ya vumbi mkikutana na tembo, simamisheni gari mbali, msipige honi, msishuke kupiga picha, mmpe njia. Hasira yake utaijua akikunjua masikio na kukuelekea, na hapo rudi nyuma taratibu bila kuzima injini. Na mkifika lami msinunue magunia ya makaa yanayouzwa kandokando. Miti ya nyika ile mliyoiona kutoka juu ndiyo inayochomwa.

Kesho yake utashuka ngazi za nyumbani kwako ukiwa unashika ukuta. Ni kawaida, hudumu siku mbili au tatu. Usilale kitandani kutwa. Nenda ufukweni maji yakijaa, ingia mpaka kiunoni, tembea ndani ya maji polepole nusu saa. Goti likiwa limevimba au likiuma upande mmoja tu baada ya siku nne, hilo si uchovu, lipeleke kwa daktari.